Mabao Yangu kwa Jina la Mwingine

Nasema mapema: sijasamehe. Padri ameniambia nisamehe, mama yangu ameniambia, hata mume wangu, ambaye mpira haumhusu kabisa, ameniambia. Wote nimewaitikia ndiyo, ndiyo, na bado sijasamehe.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, mshambuliaji wa timu ya wasichana ya Panda, mtaa wetu hapa Likasi. Tulicheza kwenye uwanja wa udongo mwekundu nyuma ya nyumba za zamani za wafanyakazi wa kampuni ya madini. Sikuwa na leseni, ile kadi ya karatasi ngumu yenye jina na picha ya mchezaji, na bila hiyo mwamuzi hakuruhusu uingie uwanjani. Kocha wetu alikuwa amebaki na leseni ya msichana mmoja aliyeacha mpira akaolewa Kapolowe. Akanipa hiyo.

"Weye jibu tu," akaniambia. "Banaita jina, unasema présente na namba yako, basi. Ni ya mechi moja tu."

Mechi moja! Ikawa msimu mzima. Kila Jumapili asubuhi dada yangu alinisuka mistari ya kwenda nyuma kama ile ya kwenye picha, kwa sababu mwamuzi huangalia nywele kuliko uso. Kisha tunapanga mstari, mwamuzi anasoma kadi moja moja, na likifika jina la yule mwanamke wa Kapolowe napaza sauti: "Présente! Tisa!" Mara ya kwanza nilichelewa kuitika. Mara ya tano niliitika kama naitwa na mama yangu mzazi. Timu nyingi zilifanya hivyo, waamuzi walijua, na sisi tulicheka. Wajinga sisi.

Nilifunga, jamani. Kwa mguu wa kulia, wa kushoto, kwa kichwa, siku moja hata kwa goti. Wakaja watu wawili kutoka Lubumbashi kutafuta wachezaji wa timu ya taifa ya wasichana. Walikaa kwenye viti vya plastiki wakaandika. Baada ya wiki mbili barua ikamfikia kocha: namba tisa anaitwa kambini Kinshasa. Jina lililoandikwa lilikuwa la yule wa Kapolowe, ambaye wakati huo alikuwa shambani kwake analima mahindi, mimba ya miezi sita.

Nilikimbia kwa kocha na malapa miguuni. "Tuende tubaambie ni minye!"

Aliikunja ile barua mara nne. "Aka! Uko na wazimu? Batafunga timu mwaka muzima. Mechi zote batazifuta. Unapenda kuharibia benzako?"

Nikanyamaza. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba nilinyamaza. Yeye akaijibu barua kwamba mchezaji ameumia. Mwaka uliofuata nilipata leseni yangu yenye uso wangu, nikaenda kucheza Lubumbashi, halafu Zambia, na mpira ulinilisha miaka tisa. Timu ya taifa haikuniita kamwe. Goti lilipokataa, nikarudi Likasi.

Leo mimi ndiye kocha wa timu ile ile, na yule kocha wa zamani, sasa mzee, ndiye rais wake. Usiniulize nilikubali vipi. Uwanja ni ule mmoja.

Mwezi uliopita tulikuwa na mechi, na mtu wa Lubumbashi alikuwa amekuja tena, na kiti chake cha plastiki. Mchezaji wangu bora, msichana wa miaka kumi na sita aniitaye yaya, yaani dada mkubwa, leseni yake ilikuwa haijatoka. Nilishamwambia atakaa benchi, tutacheza watu kumi, maana hatukuwa na mwingine. Nusu saa kabla ya mechi nikamwona anakuja. Nywele ndizo nilizoziona kwanza: amesukwa upya, mafundo mawili juu ya kichwa, si kawaida yake. Nyuma yake yule mzee, kadi mkononi.

Damu ilinipanda. Nilimpokonya ile kadi nikaichana vipande mbele ya timu nzima.

"Papa, huna haya? Ulikula maisha yangu, haikukutosha?"

Unajua alinijibu nini, uso mkavu? "Ni ya mechi moja tu."

Nilimtukana. Maneno niliyosema siyaandiki hapa, na siyajutii.

Tukacheza kumi, tukafungwa nne. Yule mgeni alifunga daftari lake kabla ya mwisho, akaondoka. Nikaenda kukaa na msichana wangu kwenye benchi, nikamsimulia yote: kadi, barua, Kinshasa. Alisikiliza huku akifumua nywele, fundo moja, kisha la pili. Nilidhani atanishukuru.

"Yaya, weye balikuona," akasema. "Minye nani aliniona?"

 Nikamsindikiza mpaka kwao.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwao nimchukue, twende wote Lubumbashi kufuata leseni yake, tusirudi bila hiyo. Mama yake akaniambia mtoto bado amelala. Niliona miguu yake chini ya pazia la chumba, amesimama, amevaa viatu. Nikaketi kwenye ngazi ya mlango na hasira zangu zote, nikamngoja.