Baiskeli ya Bibi Shamba wa Nyakitonto

Kisu kilimponyoka Asnath katikati ya shamba la mihogo, na hakuinama kukiokota. Alibaki amesimama, mikono ikining'inia, akivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine.

"Bibi Shamba, unaumwa?" Vestina, mwenye shamba, akamuuliza.

"Vidole vimekufa ganzi. Ni hiyo baiskeli. Nisubiri kidogo."

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kumi na minne kati ya hiyo alikuwa ameimaliza Nyakitonto akiwa afisa ugani wa kata. Kwao ni Same, mbali kiasi kwamba siku hizi alikuwa haendi ila kwenye misiba. Msimu ule kazi yake ilikuwa moja tu: kukagua ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye mihogo. Ugonjwa huo ni mjanja. Shamba linaweza kuonekana la kijani, limesimama vizuri kabisa, lakini ukikata muhogo wenyewe unakuta ndani umekauka na kuoza mabaka mabaka. Basi Asnath aliingia shamba moja hadi jingine, akang'oa shina, akakata, akamwonyesha mwenyewe, kisha akamwambia ang'oe yote. Wengine walimfokea. Wengine walinyamaza tu, na hao ndio waliomchosha zaidi.

Pikipiki ya ofisi ilikuwa imekufa mwaka wa pili sasa. Mradi mmoja wa maharage ulipofungwa, uliwaachia maafisa ugani baiskeli tano mpya, zingali ndani ya maboksi: fremu nyepesi, matairi mapana ya kupita kwenye changarawe, usukani uliopinda kwenda chini kama pembe za kondoo dume. Siku ya kugawana Asnath alikuwa shambani. Alipofika ofisini jioni wenzake walikwisha kuchagua, na iliyobaki ilikuwa ya mtu mrefu. Hakulalamika. Alikwisha kuacha kulalamika siku nyingi. Aliishusha siti mpaka mwisho, akapanda, akaondoka nayo.

Wiki tatu zilizofuata zilimtafuna. Magoti yaliwaka moto kwenye kila mlima, na huku milima ni mingi. Mabega yalipanda hadi masikioni, shingo ikakaza, na akifika aendako mikono haishiki kitu.

Vestina aliokota kisu, akakata muhogo mwenyewe. Ndani ulikuwa wa kahawia. Akakata wa pili. Akakaa chini.

"Yote?" akauliza.

"Yote, Vestina. Pole sana."

Asnath akaketi kando yake. Kisha Vestina, kama mtu anayetafuta neno lolote la kusema lisilohusu mihogo, akaitazama ile baiskeli iliyoegemezwa kwenye mgomba.

"Hiyo itakuua," akasema. "Mpelekee mzee Niyitegeka, pale Kasulu nyuma ya soko. Baba hakuwa na fundi mwingine."

Jumatatu, alipopeleka ripoti mjini, Asnath akampitia. Niyitegeka alikuwa ameingia nchini mwaka wa sabini na mbili, akiwa kijana aliyekimbia vita Burundi, na sasa alikuwa Mtanzania mwenye wajukuu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya bati, spana zake zimepangwa juu ya gunia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nani alikupimia hii?"

"Nimepewa tu."

"Ego," mzee akaitikia kwa Kirundi, yaani ndiyo. "Inaonekana."

Hakuigusa kwanza. Alimwambia apande, aegemee ukuta kwa mkono, azungushe pedeli kurudi nyuma. Yeye akainama pembeni, akatazama goti linavyopanda na kushuka, bila haraka, kama mtu anayesikiliza.

"Siti umeishusha kwa nini?"

"Ili miguu ifike chini nikisimama."

"Ukisimama, shuka. Siti ni ya kwendea." Akalegeza nati. "Weka kisigino juu ya pedeli, ikiwa chini kabisa. Goti linyooke. Sasa shuka tuinue."

Akainua siti, akampandisha tena, akaishusha kidogo kwa sababu nyonga zilikuwa zikiyumba. Halafu akachukua uzi uliofungwa nati, akauning'iniza kutoka kwenye goti la Asnath mpaka kwenye pedeli, akasogeza siti mbele kwa upana wa kidole, akapima upya.

"Wapi kwingine panauma?"

Asnath akamtajia: mikono, shingo, katikati ya mabega. Na kwa kuwa mzee alikuwa kimya, na kwa kuwa tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza chochote ila takwimu, maneno yakaendelea yenyewe. Alisema kila shamba analoingia anawaacha watu wameshika vichwa. Alisema kuna asubuhi anaketi kitandani na viatu mkononi, anashindwa kuvivaa.

Niyitegeka alimsikiliza mpaka mwisho, spana mkononi.

"Hilo mimi siwezi kulikaza," akasema taratibu. "Lakini mikono, naweza."

Shida, alisema, ilikuwa shingo ya usukani, kile chuma kinachoushikilia kwa mbele: ndefu mno, inamvuta mbele hadi uzito wote unalalia viganja. Kwa siku ile aliigeuza tu itazame juu, akapunguza upepo kwenye matairi. "Umejaza kama unakwenda kwenye lami," alisema. Shingo fupi angeitafuta kwa jamaa mmoja anayeuza vifaa vya mtumba karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Asnath alirudi baada ya siku tisa. Shingo ilikuwa imepatikana, imechubuka, rangi ya buluu juu ya baiskeli nyeusi. Mzee akaifunga, akamwambia aweke kiwiko kwenye ncha ya siti na kunyoosha mkono. Vidole vikaufikia usukani kwa shida kidogo tu. Breki nazo akazisogeza karibu, maana viganja vya Asnath ni vidogo. Siku hiyo alipanda mpaka Nyakitonto bila kusimama kukung'uta mikono. Alirudi mara ya tatu kwa ajili ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho bado kilikuwa kikifa ganzi njiani. Mzee alizungusha usukani kidogo juu. Kikapungua, hakikuisha.

"Hicho utakwenda nacho," Niyitegeka akasema.

Kwa Vestina alikuta nusu ya shamba imeng'olewa na nusu imesimama. Mihogo iliyobaki ameiacha, Vestina alisema bila kumtazama, kwa kuwa watoto lazima wale kitu mpaka maharage yakomae. Asnath alijua alichopaswa kujibu. Alikuwa nacho hata kwenye karatasi, ndani ya mkoba. Badala yake alivua koti, akaomba jembe.

"Mstari huu wa mpakani tuung'oe leo," alisema, "usiambukize mihogo ya jirani. Huo mwingine kula kwanza, ila usinichukulie mbegu humo. Mwezi ujao nitakuletea vipando safi."

"Kweli utaleta?"

"Nitaleta."

Waling'oa mstari ule wawili, polepole, wakipumzika mara kwa mara kama watu wazima wanavyopumzika, bila kuona haya. Jua lilipoanza kuteremka Asnath aliaga. Mteremko wa kwanza alikwenda vizuri. Kwenye mlima unaofuata alifika nusu, miguu ikagoma, akashuka na kuisukuma baiskeli kwa mkono kama alivyofanya siku zote. Hakuna fundi anayepunguza mlima. Wanawake wawili waliotoka kisimani walimpita, wakamsalimia, naye akaitikia. Kileleni akasimama akapumua. Kisha akainua mguu, akapanda, akaendelea na safari ya nyumbani.