Sokwe Aliyemnyima Mwanawe Ziwa

Ipo siku moja ya Februari ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa siku za theluji za hapa Saint Paul, Marekani, zinafanana zote. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kibarua changu kilikuwa kuingiza kwenye kompyuta madaftari ya zamani ya watu wa Kigoma waliokuwa wakiwafuata sokwe msituni kwa ajili ya utafiti. Kila baada ya dakika chache waliandika mstari: mama yuko wapi, mtoto anafanya nini. Basi, hakuna zaidi.

Wakati huo nilikuwa sisemi na mama yangu, bibi yako. Baridi ilikuwa imenishinda, nikampigia nikilia kwamba narudi nyumbani. Akajibu, "Huku usije. Maliza kwanza kilichokupeleka." Nikakata simu. Mwezi mzima sikumpigia wala sikupokea simu yake.

Daftari la siku ile lilihusu sokwe jike na mwanawe wa miaka minne. Mtoto anaomba ziwa, mama anageuka. Mtoto anapiga kelele, mama anamsukuma. Asubuhi nzima hivyo hivyo. Nikachoka kunakili, nikaandika kwa kifupi: mama hamjali mtoto.

Mzee Bakari, aliyekuwa akiishi kwa binti yake Hopkins, mji wa karibu, alikuja kila wiki kutusaidia kusoma miandiko migumu. Daftari lile aliliandika yeye mwenyewe, ujanani. Nikamwamkia, akavaa miwani, akatazama kompyuta.

"Binti, hili la kutojali nililiandika mimi?"

"Hapana, mzee. Nimefupisha tu."

"Mimi nililowa mvua nyuma ya mama huyu kutwa nzima, wewe umekaa kwenye hita umeshamfunga jela!" Akacheka. "Haya, fungua ukurasa unaofuata."

Nikafungua. Mchana, mtoto amekwama kati ya miti miwili. Mama anarudi, anajinyoosha kama daraja, mtoto anavuka juu ya mgongo wake. Jioni, mama anatengeneza kiota juu ya mti. Mtoto analala kifuani pake.

"Alikuwa anamwachisha ziwa," mzee akasema. "Mchelea mwana kulia, hulia yeye."

Nilifuta nilichoandika, nikatoka kwenye korido, nikampigia bibi yako. Hakuniuliza kwa nini nilinyamaza. Aliuliza, "Jana baridi ya huko ilikuwa mbaya. Leo umevaa soksi mbili?" Kumbe kila asubuhi alikuwa anamtuma mjomba wako amtazamie kwenye simu hali ya hewa ya Saint Paul.

Mwanangu, utakataliwa na watu wanaokupenda, na mimi nikiwemo. Ukilia, lia, hata sokwe hulia. Ila usimwandikie mtu hukumu kwa asubuhi moja. Soma mpaka jioni, na kama umeshanuna, uwe wa kwanza kupiga simu.

Mungu akupe macho yenye subira, na asikukoseshe mtu wa kukuuliza habari za soksi.