Fani Ndogo ya Bi Karne

Wanafunzi walimwita Bi Karne, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani. Ukimuuliza kwa nini viatu vimepanda bei, au kwa nini mtaa fulani una vumbi kuliko mwingine, atavua miwani, aipanguse kwa ncha ya mtandio, kisha aseme, "Turudi kwanza karne moja nyuma." Mumewe, fundi saa, alikuwa akiwaambia wateja kwamba mkewe hajawahi kuchelewa popote, maana kwake miaka hamsini ni jana tu.

Alifundisha historia chuo kikuu, katika ghorofa ya juu ya jengo la zamani, tangu kitinda mimba wake alipokuwa mgongoni. Kozi aliyoipenda kuliko zote aliiita Karne kwa Karne. Ilianza na watu wa kwanza kufua chuma ikaishia mwaka aliozaliwa yeye. Yaliyotokea baada ya hapo, alisema, ni umbea.

Idara yake ilikuwa na fani ndogo ya historia, yaani kozi sita ambazo mwanafunzi wa uhandisi, uuguzi au muziki angeweza kuzisoma pembeni ya shahada yake. Lakini wanafunzi hawakuja. Muhula uliopita walikuwa wachache hata akaona haya kusimama mbele yao, akavuta kiti akaketi nao. Ndipo kamati ya mitaala ilipompa neno: aisuke upya fani hiyo, ishikane mikono na masomo mengine, iwe na mikondo ya mada badala ya mlolongo wa karne. La sivyo itafutwa. Na ikifutwa, hakuna muuguzi wala mhandisi atakayehitimu pale akiwa ameketi hata siku moja mbele ya mtu wa historia. Hilo ndilo lililomwuma.

Akaanza kubisha hodi kwenye milango ambayo kwa miaka yote alikuwa akiipita tu. Mhandisi wa maji alimwonyesha kipande cha bomba kilichokatwa. Ndani yake ukoko mweupe ulikuwa umejipanga pete juu ya pete, na kila pete, mhandisi alimweleza, ilikuwa ni msimu mmoja wa maji yaliyopita humo. Mwalimu wa muziki alimsimamisha katikati ya ukumbi, akapiga kofi moja, akasikiliza jinsi sauti ilivyorudi, kisha akamwonyesha kwa kidole mahali dari lilipokuwa zamani kabla halijashushwa. Mwalimu wa uuguzi alimweleza kuhusu wodi za kale, namna madirisha yalivyoelekezana kwa sababu watu waliamini ugonjwa hukaa katika hewa mbaya. Hewa ile, alisema, haikuwa na kosa, lakini madirisha yaliwaponya wengi.

Bi Karne alirudi nyumbani jioni zile akiwa kama mtu aliyetoka kutazama kitu kikubwa mno kusimulika. Alimwambia mumewe kwamba ameishi katika nyumba ya vyumba vingi akidhani ina chumba kimoja.

Aliandika mambo yote kwenye vikadi, akavitandaza sakafuni sebuleni: Maji huku, Afya kule, Sauti karibu na dirisha, Makazi chini ya meza. Fundi saa akawa anatembea kwa kuambaa ukuta akiwa na kikombe cha chai mkononi. Binti yao, yule kitinda mimba, sasa akisomea uhandisi katika chuo hicho hicho, alipita upesi asubuhi moja kisha akarudi nyuma.

"Mama, samahani. Nimekanyaga Afya."

"Itapona," mama akamjibu, bila kuinua macho.

Siku ya kikao ilipofika alikuwa na furaha ambayo watu wa kamati hawakuizoea. Mwenyekiti alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu mzima, aliyeitwa Mzee Ramani kwa sababu hata ukimuuliza choo kilipo atakutafutia karatasi akuchoree. Alisoma mapendekezo polepole, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Akarudi mwanzo, akasoma tena. Kisha akayaweka mezani.

"Dada yangu," alisema, "ni kazi nzuri sana. Ila nimeitafuta historia humu sijaiona."

Bi Karne alicheka, akidhani anataniwa. Hakuna mwingine aliyecheka. Akaivuta karatasi akaitazama. Maji yalifundishwa na watu wa maji, Afya na watu wa uuguzi, Sauti na watu wa muziki. Pembeni kabisa ilibaki Karne kwa Karne, peke yake, haigusani na chochote. Hapakuwa na mahali ambapo wale vijana wa mikondo yote wangekutana, wala mahali ambapo wangefundishwa jambo lile moja ambalo ni la historia peke yake: namna ya kukijua kilichokwisha kupita. Alikuwa amewakaribisha wageni wote mezani, akasahau kujiwekea kiti.

Wakampa kikao kimoja zaidi, wiki iliyofuata.

Alipotoka, vibarua wawili walikuwa wanashusha kabati kwenye ngazi ya mawe ya jengo lile la zamani, wameegemea reli ya chuma, wanalaumiana nani kalegeza mkono. Bi Karne akajibana upande wa ukutani kuwapisha. Hakuwahi kupita upande ule. Hakuna aliyepita upande ule, kwa kuwa watu wote hushika reli. Mguu wake ukashuka chini kidogo kuliko ulivyotarajia, ukatulia ndani ya bonde.

Akatazama. Jiwe lilikuwa limelika, laini kama sehemu ya ndani ya bakuli. Akashuka ngazi ya chini yake, nayo ilikuwa hivyo hivyo. Zote zilikuwa hivyo, toka juu hadi chini, bonde baada ya bonde, zikiambaa ukuta ambao hakuna mtu aliyeuambaa. Kabati lilikwisha kupita zamani naye bado amesimama, mkono wake ukutani, na alipouangalia mkono aliona rangi ya ukuta pale ilikuwa imezama pia, mfereji mwembamba kwenye usawa wa bega.

Binti yake alimkuta ameketi pale, viatu amevua.

"Mama? Wamekataa?"

"Njoo uweke mguu hapa."

Binti akaweka. Kisha akavuka hadi upande wa pili, akachuchumaa pale nguzo za reli zilipoingia kwenye jiwe, akakwaruza kwa ukucha.

"Saruji hii si ya umri wa jengo," alisema. "Reli imekuja baadaye, Mama. Hawa walikuwa wanashika ukuta."

Hawa. Neno hilo lilikaa baina yao kama mtu wa tatu. Bi Karne hakusema warudi karne moja nyuma. Alikuwa tayari yuko huko.

Wiki iliyofuata hakuingia chumba cha mikutano. Aliwaomba wanakamati watoke hadi ngazini, pamoja na wale watatu wa maji, uuguzi na muziki, na Mzee Ramani, ambaye goti lilikuwa linamsumbua, akasema kama ni maandamano basi yawe mafupi. Aliwapanga hapo, akamwomba kila mmoja apite kwa ukutani, kisha aseme anachokiona. Mhandisi alizungumzia jiwe. Mwalimu wa uuguzi aliona ukingo umelika zaidi upande wa kushukia, akasema mtu aliyebeba mzigo hushuka kwa uzito namna hiyo. Mwalimu wa muziki aligonga kwa kisigino akasema chini ya jiwe ni patupu.

"Na mtu wa historia?" Mzee Ramani akauliza.

"Anauliza ni akina nani," Bi Karne alisema. "Walibeba nini. Na sisi tutajuaje, bila kuwasingizia."

Mzee Ramani aliinama, kwa shida, akaweka kiganja chake ndani ya bonde, akakiacha hapo.

Ndivyo ilivyopatikana kozi ya katikati: mikondo yote ikutane muhula mmoja mbele ya kitu kimoja. Lakini nafasi za kozi zilikuwa sita tu, na zote zimejaa. Bi Karne mwenyewe ndiye aliyeifuta Karne kwa Karne, kwa kalamu ya mwenyekiti, hapo hapo ngazini. Mzee Ramani alimuuliza kama ana hakika. Alisema kozi ile ilimlea, na mlezi naye hupumzika. Kisha akapangusa miwani kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Darasa la kwanza lilikaa kwenye ngazi, upande wa ukutani, kila mwanafunzi ndani ya bonde lake. Walikuwa wengi hata wengine wakabaki wamesimama chini. Kijana wa uuguzi aliuliza ni nani walipita hapo, na wote wakamgeukia Bi Karne, wakingoja warudishwe karne moja nyuma.

"Sijui," alisema. "Ndiyo maana tumekuja."

Wakati huo makarani wakawa wanashuka kutoka ofisi za juu. Wanafunzi wakakunja miguu. Makarani walipita mmoja mmoja, mkono kwenye reli, soli zikigusa mahali pale pale, na darasa zima likawa linatazama miguu tu. Wa mwisho alipokwisha kupita, msichana mmoja wa uhandisi akainama kwenye ngazi ya chini yake, upande wa reli, akapitisha vidole polepole juu ya jiwe.

"Mwalimu," alisema. "Hata huku pameanza kulika."