Roho Tatu za Shujaa

Mimi nasoma kwa sauti ya kutikisa bati, tena bila miwani, lakini mpwa wangu pale wodini alimtaka mama mfagiaji tu amsomee kitabu chake kilichotokana na mchezo wa kompyuta, ambamo shujaa hupoteza roho moja kila anapouawa. Mama yule alikausha vidole kwenye aproni, akalamba kimoja, akasoma polepole kama anayechambua mchele. Kurasa za mwisho, shujaa anapokufa, alikuwa amezibandika kwa gundi.

"Shujaa amebaki na roho ngapi?" mtoto aliuliza kila siku.

"Tatu, mwanangu," mfagiaji alijibu.

"Jana tatu, leo tatu! Bibi, unachakachua!"

Leo asubuhi kitanda kimevuliwa shuka. Mfagiaji amesugua godoro kwa dawa, akakausha vidole, akazibandua zile kurasa kwa kucha, akamsomea mto mtupu hadi mwisho. Nami, bingwa wa kusoma, nimeshindwa kumwambia anyamaze.