Karatasi Nilizoziloweka

Mwalimu Yudith ameniletea daftari na kalamu, ati niandike. Nimemwambia mimi kusoma kwangu ni kwa kisomo cha watu wazima, kitabu kimoja watu kumi, na herufi zangu zinakwenda upande kama kaa. Akasema, "Bi Tausi, andika hivyo hivyo. Wazazi wa wanafunzi wangu wanataka kujua yale mapambo ya Idi mliyatengenezaje bila hela." Kwani yeye hakuwapo? Nyumba yake na yangu ukuta mmoja, hapa Chumbageni. Aliona yote. Haya, naandika ili aninyamazie.

Mimi ni msusi wa mikeka. Nimezaliwa Tongoni, mjini nililetwa na ndoa, ndoa ikaisha, mikeka ikabaki. Miaka sitini nashika ukindu. Nimesomeshea watoto watatu. Sasa mtu kama mimi ukimwambia hajui kuandaa kitu cha kusukwa, umetafuta maneno.

Ramadhani hii, tulipoingia kumi la mwisho, binti yangu Hasina alirudi kutoka Mombasa kununua bidhaa zake, akapita mpakani Horohoro na karatasi za rangi. Nyekundu, kijani, manjano. Zile laini zenye mikunjo midogo midogo. Zilikuwa za mwanawe Asmahani, ana miaka minane. Watoto wa mtaa walikuwa wamekubaliana kwamba Idi hii litapambwa baraza letu, na fundi ni Asmahani. Kachaguliwa yeye, wakubwa wakaachwa. Alikuwa anatembea kama bibi harusi.

Kesho yake asubuhi akaniambia, "Bibi, zile karatasi tutazisuka ukili kama unaosuka wewe, tuzitundike. Niandalie, mie naenda chuoni kusoma Kurani. Nikirudi tuanze."

Umesikia mwenyewe. Ukili, ule utepe mrefu tunaouunganisha kuwa mkeka. Kama unaosuka wewe. Niandalie.

Nikaandaa. Ukindu huandaliwaje? Unachanwa, unalowekwa, unalainika, ndipo unakubali mkono. Ukindu mkavu hukatika. Nikazichana zote upana wa kidole, sikubakisha hata moja. Nyekundu nikaitia kwenye sufuria, kijani kwenye bakuli, manjano kwenye kopo, maana rangi hazichanganywi, hilo mama yangu alinichapa mpaka likaingia. Nikamimina maji ya uvuguvugu, nikaenda kuswali dhuha.

Niliporudi nikatia mkono kwenye sufuria kutafuta chane. Nikatoka na uji. Nikatazama bakuli, uji. Kopo, uji. Nikadhani kuna mtu kaja kunibadilishia vitu. Wallahi nilitoka nje nikaangalia uchochoroni.

Asmahani akarudi. "Bibi, karatasi zangu ziko wapi?"

"Si hizo hapo."

"Wapi?"

"Humo. Nimeziloweka."

"Umeziloweka?"

"Sasa ulitaka nisuke kavu?"

Akachungulia sufuria, akachungulia bakuli, akachungulia kopo. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Aliingia ndani akashusha pazia.

Kesho yake alipita mbele yangu bila shikamoo. Nyumba hii mtoto akiamka, kabla hajanawa uso, kwanza ni shikamoo. Nikasema labda hajaniona. Siku ya pili akapita tena. Nikamwambia, "We Asmahani, shikamoo yangu umempa nani?"

Akanijibu, "Nimeiloweka."

Hasina akaangua kicheko. Nilimtazama mpaka akakimeza.

Kuomba radhi sikuomba. Niombe radhi kwa kazi niliyoifanya sawasawa? Lakini kila nikikaa nasikia ile sauti, na sikujua nielekee wapi. Madukani karatasi zipo, ila hela ya Idi Hasina alishaimaliza kwenye viatu. Siku ya tatu nayo ikapita, sina shikamoo. Nikaanza kuona hata mkeka wangu siujui, nausuka nikiufumua.

Siku ya nne Mwalimu Yudith akatokeza kichwa juu ya ukuta. Yeye ni Mlutheri wa Lushoto, Krismasi hukata nyota na watoto wake kwa mifuko ya unga, ile ya karatasi. Akanipa kumi. "Hii haina rangi, lakini ni migumu. Usiitie maji, Bi Tausi."

"Hata na wewe?" nikamwambia.

Rangi ilikuwapo. Yale maji sikuyamwaga, msusi hamwagi rangi. Nyekundu ilikuwa kwenye sufuria, kijani kwenye bakuli, manjano kwenye kopo, kila moja imekolea peke yake. Nikakung'uta unga, nikaipasua mifuko, nikachana. Upande wa ndani mweupe. Nikachovya unyoya wa kuku, nikapaka kidogo kidogo, nikaanika kivulini. Zikatoka na mabaka, lakini zikatoka.

Nikaanza ukili wa chane tano. Karatasi haina tabia. Ukindu unakuambia nikunje hapa, hii imekaa kimya tu. Asmahani alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama kwa pembe ya jicho. Mimi nasuka, nafumua, nimechanganyikiwa ipi ya juu ipi ya chini. Chane moja ikakataa kukunjika. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kibakuli cha maji, kama unavyokwenda miaka sitini, nilowanishe kidole.

"Bibi! Maji!"

Alinidaka mkono. Akachukua kibakuli akakipeleka kule mwisho wa baraza, akakaa kati yangu na maji.

"Suka," akasema. "Mie nakulinda."

Tukasuka siku mbili. Yeye alipaka, mimi nilisuka, kisha akasuka yeye. Miisho tuliunganisha kwa uji mzito wa muhogo, naukoroga nimefunga, harufu inaniingia mpaka tumboni. Noa, mtoto wa Mwalimu Yudith, akapanda kiti akatundika. Asubuhi ya Idi watoto walijaa barazani, wakubwa nao wakiuliza, "Fundi nani?"

Asmahani akaja na gauni jipya. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," nikasema.

Ila sijui. Siku ya Idi hata hasimu husalimiwa. Sijui ni msamaha au ni Idi tu. Kesho yake kanipa tena, na leo kanipa, lakini kibakuli changu cha maji bado anakihamisha kila akipita, hata nikisuka ukindu.

Nimeshaandika. Sasa na wewe uliyesoma, mfuko wa unga ukiisha usiuchome moto. Ukung'ute, usiukunje, uniletee Chumbageni, Asmahani ameshaanza kuuliza mapambo ya Idi kubwa. Na ukija unieleze: jani ukililoweka linapata nguvu, karatasi nasikia imetokana na mti, mbona ukiiloweka inakufa? Usiniambie ndivyo ilivyo. Nataka jibu, na mifuko isipungue mitano.