Redio Niliyoitundika Kwenye Msumari wa Salma

Mjinga wa kisa hiki ni mimi, nawaambia mapema msije mkamtafuta mwingine. Nimewatoa watu nyumbani kwao kwa sababu ya uvivu wa kuinuka kitini.

Naishi Kibuli na Salma, binti wa dada yangu, anayesoma fizikia chuoni. Mimi niliishia sekondari, na tangu hapo safari yangu ndefu ni kutoka kitini hadi chooni. Ukuta tunaogawana na jirani yetu, Mama Bahati, una ufa. Salma akaamua kuupima. Akanyoosha juu ya ufa waya mwembamba kuliko unywele: ncha moja kaigundisha ukutani, ya pili kaifunga kwenye kimsumari.

"Mjomba, chuma cha waya huu kilipozwa ghafla kikiwa kimeyeyuka kama uji, kikavishwa kioo," alinieleza. "Ndiyo maana kinahisi upesi. Ukivutwa kidogo tu, usumaku wake unabadilika, na namba kwenye hiki kisanduku zinabadilika. Ufa ukipanuka tutajua. Tafadhali usiuguse."

Waya sikuugusa, wallahi. Nilitundika tu redio yangu kwenye kile kimsumari, kwa kuwa kilikuwa karibu na sikio langu.

Jioni nikasikia geti, nikaishusha haraka. Kimsumari kikabaki kimeinama. Salma akatazama kisanduku, uso ukamshuka.

"Namba zimeruka. Ukuta unasogea."

Hapo ndipo ningesema. Lakini Mama Bahati alikuwa mlangoni, kaja kuomba chumvi, akayasikia yote. Mara godoro lake liko uani, na sufuria juu yake. Nami kwa aibu nikabeba kiti changu nje, nikakaa kama mfiwa.

Mvua ikanyesha. Godoro likalowa mbele ya macho yangu, nami nikasema, "Pole, mama." Pole! Mtu mzima mimi.

Mwenye nyumba akaja na mwavuli, akautazama ufa. "Kesho naleta mafundi tubomoe. Tafuteni pa kwenda."

Pa kwenda, mimi? Mimi ambaye hata vitu vya sokoni Owino huwa naagiza?

Nikawaita wote ndani. Nikatundika redio: namba zikaruka. Nikaishusha, nikakinyoosha kimsumari taratibu: namba zikarudi zilipokuwa asubuhi.

Salma hakupiga kelele. Alisema tu, "Nimewatisha watu wote hawa, mjomba, nawe umekaa unaniangalia." Bora angenizaba kofi.

Siku hizi Mama Bahati analalia godoro langu mpaka lake likauke. Mimi nalala kitini, ninapostahili. Wenzangu, mkiambiwa msiguse waya, acheni hata msumari unaoushika. Na mkikosea, semeni kabla godoro la mtu halijafika uani.

Na ukuta je? Mwenye nyumba aliuliza palepale kama bado kuna cha kubomoa. Alijibiwa na Mama Bahati, aliyekuwa anakamua shuka:

"Ukuta iko mzima. Bomoa kiti yake."