Zamu Nilizokopa Brussels

Walisema nitarudi Lubumbashi ndani ya jeneza au ndani ya ndege ya waliofukuzwa. Shemeji yangu aliapa kwamba hakuna Mzungu atakayekubali nimchome sindano. Mwenye nyumba wangu wa mtaa wa Etterbeek, Mkongomani mwenzangu, alisema nitazeeka nikipangusa mikojo katika nyumba za wazee kule Berchem-Sainte-Agathe, maana ndiyo kazi tuliyowekewa. Leo diploma zangu mbili zimetundikwa ukutani katika nyumba niliyoijenga mwenyewe hapa Lubumbashi, na wanafunzi wa uuguzi husimama nikiingia darasani. Wazee niliwapangusa, ndiyo, miaka minne. Kisha nikasoma, nikafaulu, nikawa mweusi wa kwanza katika idara ya dharura ya hospitali moja ya Brussels, nimekaa kwenye ile meza ya mbele inayoamua nani amwone daktari kwanza.

Idara ile ilikuwa uwanja wa vita. Mlevi aliniuma mkono hadi meno yake yakakutana na mfupa. Mwanamume mmoja alinirushia kiti cha chuma kwa sababu hakutaka kuguswa na mtu wa rangi yangu, akateleza kwa nguvu zake mwenyewe na kupasua kichwa. Nilimfunga kidonda huku ananitukana. Sikuwa mwoga, na sikumjua muuguzi mwenye mikono myepesi kuliko yangu.

Kwa hiyo nilipochaguliwa kwenda kwenye mafunzo ya uongozi, sikushangaa. Yalikuwa ya wauguzi na wakunga wenye asili ya kigeni, Alhamisi kumi, katika chumba cha ghorofani karibu na Porte de Namur. Tulitakiwa tujifunze kuongoza ili wagonjwa wanaofanana na sisi waache kufa kwa maradhi ambayo majirani zao hawafi kwayo. Mkuu wa idara aliniahidi kwamba nikimaliza, meza ile itakuwa chini yangu. Alhamisi zenyewe hakunipa. Ikabidi nikope zamu, kama tufanyavyo wauguzi: mwenzako anakufanyia siku yako, nawe unamlipa siku yoyote atakayoidai. Dada mmoja wa Bujumbura, mwenye ulimi kama wembe, alinikopesha saba. Tatu za mwisho nilipewa na Mbelgiji mmoja, muuguzi mkongwe kuliko wote pale. Alitangaza mbele ya watu kwamba anakopesha bila wasiwasi kwa kuwa sitafika Alhamisi ya tano.

Mkufunzi wetu, mkunga mstaafu mwenye asili ya Morocco, alimtaka kila mmoja achague jambo moja baya katika idara yake na alibadilishe. Nilisimama wa kwanza. Nikasema Wazungu hawaamini maumivu yetu. Mama wa Kiafrika akilia, wanasema anazidisha. Nilisema vizuri sana. Walipiga makofi.

Baada ya Alhamisi ya sita, Jumatatu asubuhi, wakaja mke na mume wa kwetu, Walushois kabisa, wazaliwa wa Lubumbashi. Mke alijishika tumbo, ametulia. Nilifurahi kusikia lugha yangu. Nikamwomba apime maumivu yake, kutoka sifuri mpaka kumi.

"Inauma kiloko tu, papa," alisema.

Kiloko, yaani kidogo. Nikaandika tatu. Mapigo ya moyo yalikuwa yanakimbia, nikayaandika pia, kisha nikajiambia ni hofu ya hospitali. Nikawaonyesha viti. Mume alikuja mezani mara mbili na mara zote nilimrudisha, kwa adabu, nikimweleza utaratibu kama mwalimu. Mara ya tatu mke alikuwa ameanguka kati ya viti, midomo imepauka.

"Bibi yangu anakufa, na weye muntu wa kwetu unaandika?"

Ngumi ya mume ilinikuta mdomoni. Ya pili ilinigongesha ukutani. Nilipotema, jino lilitoka na damu. Walinzi wawili walimwangusha mume, mmoja akamwekea goti mgongoni, mwingine akaukunja mkono wake hadi ukavunjika. Nilisikia mlio wake kama kuni kavu. Alikuwa akimlilia mkewe kwa jina, siyo mkono wake. Mke alikimbizwa chumba cha upasuaji. Mimba changa ilikuwa imetunga kwenye mrija wa uzazi na kupasuka, na tumbo lilikuwa limejaa damu. Waliwahi kwa dakika chache.

Kesho yake mkuu aliniwekea karatasi mbele yangu: nitie sahihi kwamba nilishambuliwa bila sababu. Mume hakuwa bado na vibali vya kudumu. Sahihi yangu ingemweka ndani, kisha ingempandisha ndege. Nisipotia, ingebidi ielezwe kwa nini alipiga, na jibu lilikuwa lile tatu, kwa mwandiko wangu. Niliomba siku tatu.

Nilikwenda kumwona mke wodini. Aliniomba radhi kwa jino langu. Nikamuuliza kwa nini hakusema ukweli.

"Mutoto wa kwanza nililia, nikimuzaa kule maternité ya kwetu," akasema. "Walinipiga makofi mapajani mpaka yakavimba. Donc basi, nikajifunza kunyamaza."

Nilitoka bila kuaga. Nikiwa mwanafunzi Lubumbashi, niliwapiga makofi akina mama kama yeye. Tulifundishwa hivyo: anayelia hasukumi, mpige. Nilikuwa na mkono mzito na nilisifiwa kwa huo mkono. Halafu nimevuka bahari, nimekaa mezani, mwanamke kaninyamazia, nami nikauandika ukimya kuwa namba.

Alhamisi ya saba niliyasema hayo yote kwenye mafunzo, mdomo umevimba. Hakuna aliyepiga makofi. Mkunga mmoja, mzaliwa wa Likasi, si mbali na kwetu, aliinuka, akaja mpaka kwenye kiti changu na kunichapa kofi upande ule ule wa jino. Niliona nyota.

"Hilo ni la paja langu, tonton," akasema taratibu, akiniita mjomba, akarudi kukaa.

Mkufunzi hakumkemea. Aliniuliza nitafanya nini kesho.

Kesho yake nilirudisha karatasi bila sahihi, na juu yake karatasi yangu mwenyewe: kosa lilianzia kwangu, na tangu sasa mezani tusiamini namba peke yake. Mapigo na presha kwanza, mkono juu ya tumbo, na kila mama wa kigeni aulizwe, kwenu mwanamke akilia hufanywaje? Mume aliachiwa na polisi, mkono ukiwa kwenye plasta. Mimi nilinyang'anywa ahadi ya meza. Mkuu alisema nitahamishiwa wodi ya wazee, kupangusa, kama mwenye nyumba wangu alivyotabiri. Nikamjibu kwamba nimeshakopa zamu kumi na siwezi kuondoka na siku za watu. Kanuni hiyo hata yeye aliiheshimu. Akasema, basi, nikishalipa ya mwisho.

Nilimaliza Alhamisi tatu zilizobaki, nikalipa kama mwendawazimu. Dada wa Bujumbura alidai Idi zake zote na Jumapili za mvua, na kila mara alinikumbusha nitabasamu ili wagonjwa waone pengo. Mbelgiji alidai mbili. Ya tatu hakuidai. Nilipomkumbusha, akasema bado anafikiri. Miezi ikapita. Siku moja nilimkuta mezani mbele ya mama wa Kirundi aliyenyamaza, akimuuliza swali langu kwa Kifaransa chake kibaya cha msemaji wa Kiholanzi, mkono wake juu ya tumbo la mama. Akampeleka ndani mbio. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hafikii uamuzi. Alilifikiria deni lile miaka miwili, na muda wote huo niliiongoza meza bila cheo, nikawafundisha waliokuja baada yangu, na hakuna aliyeweza kunihamisha.

Nilipoamua kurudi nyumbani, kwa hiari yangu na kwa tiketi yangu, nilimfuata nikamwambia nataka kulipa. Akachagua siku ya Mwaka Mpya, kutwa nzima. Waliletwa vijana waliolipukiwa na fataki, vidole vimechanika. Mmoja alinipiga teke la tumbo nilipomsafisha. Jioni Mbelgiji alikuja kupokea zamu, akavaa glovu, akanipa mkono uliovaa glovu.

"Sasa huna deni kwa mtu yeyote hapa," akasema. "Ile Alhamisi ya tano, nilikosea."

Nikamwambia nilikuwa najua.